Aonach Eagach: namna ya kuuvuka ule mgongo wa Glen Coe kama miguu yako imeshaizoea milima

Niseme mapema, hii siyo ya mtu aliyeanza kupanda milima juzi. Hii ni ya yule mwenye Munro zake kumi, ishirini, hamsini (Munro ni mlima wa Uskoti unaozidi futi 3,000, yaani mita 914 na ushee, jumla iko 282), anajua ramani na dira, ameshalowa mpaka soksi zikakamuliwa na wikiendi iliyofuata akarudi tena, na sasa anaangalia picha za Aonach Eagach pale bonde la Glen Coe, Uskoti, anajisemea mbona kama naweza. Pengine unaweza kweli. Ila uzoefu ulio nao ni wa kutembea, na pale katikati kutembea ni kidogo sana. Kiswahili chetu kimeshalimaliza hilo siku nyingi, mlima tunaupanda, mnazi tunaukwea, na Aonach Eagach kwa kama kilometa mbili hivi ni mnazi uliolazwa.

Jina ni la Kigaeli, maana yake mgongo wenye mapengo, na wenyewe wanatamka karibu na "Unakh Egakh", kh ya kooni kabisa kama mzee wa pwani akisema "kheri". Uko upande wa kaskazini wa bonde la Glen Coe na ukisimama barabarani A82 unauona wote umejipanga juu yako kama msumeno. Kutoka mashariki unaanza na Am Bodach mita 943, halafu Meall Dearg 953, halafu vile vinara vya mawe, halafu Stob Coire Leith 940, mwisho Sgorr nam Fiannaidh 967. Munro ni mbili tu, Meall Dearg na Sgorr nam Fiannaidh. Namba ndogo hizo, mtu aliyefika kilele cha Meru mita 4,562 anaweza kucheka. Cheka, lakini hapa urefu wa mlima siyo ishu, ishu ni upana wake, kuna mahali mgongo umebaki kama benchi la shule na kila upande kuna mamia ya mita za hewa.

Kwenye vitabu vya kukwea wanaupa gredi 2 kati ya 3. Hapo ndo watu wanapojidanganya, maana ni kweli ukichukua hatua moja moja hakuna hata moja inayomshinda mtu mwenye afya, ungeshusha kile kipande cha mwamba ukakiweka kwenye uwanja wa mpira watoto wangekichezea. Ugumu ni kwamba hatua hizo ziko mia kadhaa, mfululizo, na hakuna mlango wa kutokea. Hilo la mlango ndo nataka ulishike kuliko lolote nitakalosema. Ukishashuka kutoka Am Bodach kuelekea magharibi, mpaka ufike Stob Coire Leith, hakuna njia salama ya kuteremka upande wa kusini kwenda barabarani. Haipo. Utaona vikorongo vya nyasi vinavyoonekana kama vinateremka taratibu, vyote vinaishia kwenye genge. Gari lako utaliona chini siku nzima, dogo kama kiberiti, na huwezi kulifuata, na watu wameshakufa kwa kujaribu kukatisha.

Kwa hiyo kazi kubwa ya huu mgongo inafanyika kabla hujaugusa, na hakuna mtu atakayekusaidia kuifanya. Meru au Kilimanjaro kuna geti, kuna kiingilio, kuna ranja au mwongozaji, kuna mtu wa kukwambia leo usiende. Uskoti sheria ya ardhi ya 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea milimani, hakuna geti wala daftari la kusaini, saa kumi usiku unaweza kuanza kupanda na hakuna wa kukuuliza. Raha sana, mpaka siku unapotamani angekuwepo wa kukuuliza.

Tuanze na hali ya hewa. Kwangu iko hivi: mwamba mkavu, mawingu yawe juu zaidi ya vilele yasivifunike, upepo mdogo, vyote vitatu, siyo viwili. Angalia utabiri wa MWIS, ni wa milima na unakwambia upepo utamfanyaje mtu anayetembea na uwezekano wa vilele kuwa wazi, halafu linganisha na ule wa milima wa Met Office (idara ya hali ya hewa ya Uingereza), na wala usiridhike na ile ya kwenye simu inayoonyesha kajua kanacheka, ile ni ya kijijini. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma inaongezeka mara nne, na juu ya mgongo upepo unabanwa unakimbia zaidi kuliko bondeni. Mimi nikiona wamesema maili 25 kwa saa juu ya vilele naahirisha, kuna watu wataniita mwoga na tutaendelea kusalimiana.

Mvua nayo. Huu mlima ni mabaki ya volkano ya kale sana, Glen Coe ni kaldera, wanajiolojia waliieleza mwaka 1909 jinsi ardhi ilivyodidimia juu ya ile magma, na mawe yake mengi ni ya volkano, yakikauka yanashika buti vizuri tu lakini yakilowa, hasa zile sehemu zilizosuguliwa na viatu vya watu miaka mia na zaidi, ni kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Na siyo mvua ya leo tu. Mvua ya jana usiku pia, maana upande wa kaskazini jua linachelewa kufika na ukoga ule mweusi unaweza kubaki umelowa mpaka mchana. Theluji ikianguka ndo usiseme, unakuwa mlima mwingine wa watu wa kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya buti) na shoka la barafu na kamba, siuzungumzii hapa.

Sasa muda. Watu waliozoea milima wana ile hesabu ya Naismith, Mskoti aliyeiandika mwaka 1892, kilometa 5 kwa saa halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Aonach Eagach yote kwa ujumla ni kama kilometa 10 na kupanda kama mita 1,100, piga hesabu hapo utapata masaa manne, hata hayafiki. Aisee, usithubutu kupanga siku yako hivyo. Panga masaa 7 mpaka 9. Kile kipande cha kilometa mbili peke yake kinaweza kula masaa matatu na zaidi, kwa sababu unashuka kwa kurudi nyuma, unasubiri wenzako, unasubiri kundi lililo mbele, unakaa unapumua kwanza. Mwezi wa sita huku mwanga ni zaidi ya masaa 17 kwa hiyo ukikosea unasamehewa, mwezi wa kumi husamehewi. Mimi naanza saa moja asubuhi au kabla, na sababu kubwa wala siyo giza, ni foleni. Jumamosi ya jua ukifika Am Bodach saa tano utakuta watu wamepanga mstari kama wanasubiri daladala, na wanaosubiri wanapata baridi, wakipata baridi wanaharakisha, na unajua mwenyewe mtu anayeharakisha kwenye genge anaelekea wapi.

Nenda mashariki kwenda magharibi. Sababu ya kwanza ya kivivu, paking ya mashariki kwenye A82 iko juu kidogo kwa hiyo unapanda pungufu. Ya pili ndo ya maana: pale pabaya pa kwanza, kushuka Am Bodach, unakutana napo mapema ukiwa na nguvu, na bado unaweza kugeuka ukarudi ulikotoka bila aibu wala hatari. Ukitokea magharibi unakutana na kipimo hicho mwishoni, umechoka. Kama mna magari mawili acheni moja upande wa kijiji cha Glencoe, kama ni moja basi jueni jioni mnakula kilometa kadhaa za lami.

Kwenye vifaa sitaki kukuchosha, unavijua. Helmeti vaa, siyo kwa ajili yako kuanguka, ni kwa ajili ya yule wa juu yako anayepiga jiwe teke bila kujua. Buti lenye soli ngumu kidogo ukingoni, maana utasimama kwenye vijukwaa vya upana wa vidole viwili na buti laini linajikunja. Fimbo za kutembelea zifunge ndani ya begi siyo nje, nimeshaona fimbo imenasa kwenye ufa wa mwamba ikamvuta mwenye nayo nyuma, uso wake sijausahau. Begi liwe dogo na libane mgongoni. Glavu nyembamba, tochi ya kichwani yenye betri mpya, filimbi, ramani ya karatasi (Ordnance Survey Landranger 41 au Explorer 384), na maji lita mbili kwa sababu juu kule hakuna kijito hata cha kulamba. Bondeni kukiwa na nyuzi 12 juu ni kama 6, na upepo unapunguza tena, kwa hiyo koti la ziada hata kama mnaanza mnatoka jasho.

Kamba? Hapa watu wanagombana. Msimamo wangu ni huu, kamba ambayo hujui kuitumia ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu mkifungana nyie wawili halafu kamba haijafungwa popote kwenye mwamba, akianguka mmoja mnaanguka wote, mmeongeza marehemu tu. Kama kuna mmoja kwenye kundi ambaye hana uhakika na anayejua kazi yupo, kamba fupi ya mita 30 na mikanda miwili mitatu ya kuzungushia mwamba inaokoa siku. Kama anayejua hayupo, lipieni mtu. Lakini ulizeni cheti: yule mwenye Mountain Leader cheti chake hakigusi sehemu zinazohitaji kamba kwa kupangwa, mnayemtaka ni mwenye Mountaineering and Climbing Instructor.

Na kama hujawahi kukwea kitu kama hiki kabisa, usianzie hapa. Crib Goch kule Wales ni gredi 1, mita 923, nyembamba sana lakini fupi. Forcan Ridge kwenye mlima The Saddle, huku Uskoti, ni gredi 2 na pabaya pake panakwepeka. Kama huko ulipita unaongea unacheka, sawa. Kama ulipita kimya umekamata mwamba kama mtoto aliyebebwa mgongoni, rudia tena kabla ya kuja Glen Coe.

Haya, siku yenyewe. Kutoka paking kijia kinapanda moja kwa moja, hakina adabu, mita karibu 800 mpaka Am Bodach na sehemu za juu tayari unaanza kutumia mikono kidogo. Usiende mbio. Mtu anayefika juu na mapaja yanayotetemeka amekuja kukwea na mguu wa mkopo.

Am Bodach maana yake mzee, na huyu mzee ndo anakuuliza maswali. Fika, kaa chini, kula kitu, kunywa. Angalia saa. Angalia wingu limekaa wapi na linakwenda wapi. Halafu angaliana na wenzako machoni, mmoja mmoja, na waulize kwa sauti "tunaendelea?" na yeyote akisita hata sekunde mbili basi mnarudi wote. Fanyeni makubaliano hayo mkiwa bado kwenye gari, kwa sababu juu kule hakuna anayetaka kuwa wa kuharibu safari ya watu.

Mara ya kwanza nilipokwenda tulikuwa watatu, mmoja dada wa kwetu tunayetembea naye kila mwezi, anatuzidi pumzi wote, kupanda mpaka Am Bodach alitutangulia. Tukaanza kushuka ule upande wa pili, mimi nikashuka kwanza, nimefika chini nageuka namwona amesimama juu pale pale, mkono mmoja umeshika mwamba, vidole vyeupe kabisa. Nikamwambia dada geuka utazame mwamba, shusha mguu wa kulia, pa kukanyaga papo. Akanijibu polepole kabisa, "Kaka, nakusikia, ila mguu hauji." Hakuwa analia, hakuwa anatetemeka, mguu tu haukuwa unakuja. Basi nikapanda nikarudi juu, tukakaa naye robo saa, tukateremka njia tuliyopandia, saa nane tuko kwenye gari tunakunywa chai ya chupa. Mwaka uliofuata alienda na mwalimu na kamba akauvuka wote. Ingekuwa ile hali imempata nusu ya njia kwenye vile vinara, hiyo chai tusingeinywa.

Sasa ule mshuko wenyewe. Ni kama mita ishirini, unaanzia kidogo upande wa kaskazini halafu unarudi kwenye mgongo, na kosa la kila mtu ni kushuka akiangalia nje, kama anateremka ngazi za ghorofa, makalio yamegusa mwamba. Ukikaa hivyo begi linakusukuma mbele, huoni pa kukanyagia, na uzito wote uko kwenye visigino. Geuka. Uso kwenye mwamba, kama unashuka ngazi ya kupandia paa. Kiwiliwili kiwe mbali na mwamba kidogo, kwa sababu ukiukumbatia huoni miguu yako na buti linasukumwa nje badala ya chini. Sogeza kiungo kimoja tu kwa wakati, mikono miwili na mguu mmoja imeshika, au miguu miwili na mkono mmoja. Kila pa kushika papige kwanza kwa kiganja, jiwe lililoshikamana linatoa sauti ya kufa, jiwe lililolegea linaita kama debe. Na vuta kuelekea chini, usivute kuelekea kwako, jiwe lililolegea kidogo ukilisukuma chini linakaa, ukilivuta nje linakuja na wewe.

Mikono isizidi usawa wa kichwa kama inawezekana, ikikaa juu damu inaisha inakufa ganzi. Na miguu ndo inayobeba, mikono ni ya kusawazisha tu. Mtu aliyechoka mikono nusu ya njia alikuwa anajivuta.

Ukishapita pale kuna sehemu ya kupumua mpaka Meall Dearg. Hapa mwaka 1901 mchungaji A. E. Robertson alimalizia Munro zake, na ndiye anayehesabiwa wa kwanza kuzimaliza zote. Piga picha yako, selfi ruksa, halafu weka simu ndani ya mfuko wenye zipu na usiitoe tena mpaka Stob Coire Leith.

Kutoka Meall Dearg utakuta nguzo za chuma za uzio wa zamani zinateremka na mgongo. Zinakuonyesha njia, usizitumie kujivutia, nyingine zinacheza. Na baada ya hapo ndo penyewe, vile vinara, wanaviita Crazy Pinnacles, unapanda kijinara cha mwamba, unashuka, unapanda tena, unatembea juu ya kipande chembamba, unashuka tena, na kila ukifikiri hicho ndo cha mwisho kuna kingine nyuma yake.

Sheria ya hapa ni moja, kaa juu ya mgongo. Utaona vijia vidogo vinatoka pembeni vinazunguka chini ya kinara, vinavutia kweli, na wewe uliyezoea milima ya nyasi akili yako inasema hii ndo njia ya werevu. Vijia vile vingi vimechongwa na waliopotea, wakaenda mita thelathini, wakakuta genge, wakarudi, kwa hiyo kila kijia kimekanyagwa mara mbili na ndo maana kinaonekana cha uhakika hivyo. Kule pembeni ni nyasi za mteremko na udongo na mawe yasiyoshika, na ukiteleza kwenye nyasi zilizolowa hakuna breki. Juu kwenye mwamba kunatisha zaidi kwa macho lakini kunashika. Fuata mikwaruzo ya viatu, mwamba uliong'aa kwa kusuguliwa ndo njia, ule wenye ukoga haujaguswa basi umepotea, rudi hatua kumi utafute.

Pale pembamba kuliko pote kuna watu wanapita wamesimama wima mikono mfukoni, kuna watu wanapita kwa kukaa kama wamepanda punda, mguu huku mguu huku. Hakuna anayetoa maksi. Mimi napita nimeinama, mikono imeshika ukingo, miguu chini kidogo upande usio na upepo, siyo staili ya kupendeza lakini nimeipenda hivyo hivyo. Macho yako yaishie mita mbili mbele. Hofu ikija usipigane nayo, simama mahali pana, shika mwamba, pumua nje kwa muda mrefu mara tano sita, halafu jiulize hatua inayofuata tu ni ipi, siyo mgongo wote.

Ukikuta kundi linakuja upande wa pili, aliye mahali pana ndo anasubiri. Usipishane na mtu pembamba eti kwa sababu unaharakisha. Na usikwee moja kwa moja chini ya mtu kwenye yale makorongo wima, subiri pembeni mpaka amalize, jiwe likianguka piga kelele kwa sauti yote hata kama unaona chini hakuna mtu.

Mtu akiumia: mweke salama kwanza asianguke zaidi, mvalishe kila koti mlilonalo, piga 999 au 112, uombe polisi halafu uombe uokoaji wa milimani. Wakati mwingine simu inagoma kupiga lakini meseji inapita, kwa hiyo ukiwa bado nyumbani tuma neno "register" kwenda 999 ujiandikishe. Mtandao ukikosekana kabisa, filimbi mara sita ndani ya dakika moja, kaa kimya dakika moja, rudia, usiku tumia tochi hivyo hivyo. Wanaokuja ni watu wa kujitolea na hawakudai hata senti, ndo maana mimi huwa naona aibu kuwaita kwa ujinga, ila ikifika ni kweli usione aibu, waite mapema kabla ya giza.

Stob Coire Leith ukiifikia utajua, mgongo unafunguka, miguu inakumbuka kutembea, watu wanaanza kuongea kwa sauti. Hapo mpaka Sgorr nam Fiannaidh ni matembezi ya kawaida kabisa juu ya mawe mawe. Na hapo ndo siku inapoharibikia wengi, kwa sababu akili imeshafunga ofisi. Kula tena, hata kama huna njaa. Funga kamba za buti upya, za kushukia, kaza kifundoni ili vidole visigonge mbele.

Kushuka kuna njia tatu na ramani haikwambii ukweli wake. Ya kwanza ile ya kando ya Clachaig Gully, inakupeleka moja kwa moja mpaka kwenye baa ya Clachaig na kila mtu anaipenda kwa sababu hiyo. Usishukie hapo. Ni wima, imemomonyoka, changarawe juu ya mwamba, kando yake kuna korongo lenye kina cha kumeza nyumba, na watu waliovuka mgongo wote salama wamefia pale wakiwa wameshaanza kuwaza bia. Ya pili ni kuteremka kusini kutoka Sgorr nam Fiannaidh kuelekea ziwa la Loch Achtriochtan, ni salama zaidi lakini ni mteremko wa mawe ya kuporomoka karibu mita 900 bila kupumzika, magoti yako yatakushtaki, na mkiwa kundi msishuke mmoja juu ya mwingine.

Ya tatu ndo yangu. Endelea kufuata mgongo magharibi na kaskazini magharibi mpaka kwenye ile shingo kati ya Sgorr nam Fiannaidh na Sgorr na Ciche, kile kilima chenye umbo la titi wanachokiita Pap of Glencoe, mita 742. Mwanzo kuna mawe, baadaye nyasi na matope. Ukifika shingoni utakuta njia ya wanaopanda Pap inateremka upande wa bonde mpaka kwenye kabarabara kadogo kanakounganisha kijiji na Clachaig. Inaongeza kama saa moja. Mimi mara moja niliikwepa hiyo saa moja nikapita kule korongoni, nikakaa dakika kumi nimening'inia kwenye kishina cha mti nasikiliza jiwe nililolipiga teke likigonga, likigonga, likigonga, mpaka nikaacha kulisikia, sijaenda tena.

Jua likiwa limepungua makali na hakuna upepo, pale chini visubi (vile vidudu vidogo vya kuuma) watakusubiri wakukaribishe, kwa hiyo usikae kubadilisha soksi kando ya njia. Na kama gari mliacha mashariki, msitume aliyechoka kuliko wote, aende yule mwenye nguvu, kwenye A82 magari yanakimbia sana na pembeni hapana nafasi, atembee akitazamana nayo na tochi iwe inawaka hata kama bado kuna mwanga.